Bill Pickett, kauboi mweusi ambaye jamaa yake ilimrudishia uso wake

LIKASI – Wakati mji wetu ulikuwa ungali unaitwa Jadotville, filimu za makauboi zilipendwa sana katika miji ya shaba, huku Katanga na hata ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Kule Léopoldville, vijana wa miaka ya 1950 walifikia kujiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama watu waliowaona katika sinema. Katika filimu hizo kauboi alikuwa karibu kila mara mzungu. Aliyeketi mbele ya kitambaa cheupe hakuambiwa kwamba kazi ile ilifanywa pia na watu weusi wengi. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya makauboi wanne wa Marekani, mmoja alikuwa mweusi. Aliyejulikana kuliko wengi wao ni Bill Pickett.

Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 1870, katika jimbo la Texas. Baba yake, Thomas Jefferson Pickett, alizaliwa mtumwa, na watumwa wa Texas walikuwa wametangaziwa uhuru miaka mitano tu mbele ya mtoto huyu kuzaliwa. Nyumbani walikuwa watoto 13, naye Bill alikuwa wa pili. Katika ukoo wao kulikuwa pia damu ya Wacherokee, wenyeji wa kwanza wa nchi ile.

Masomo yake hayakuenda mbali. Baada ya mwaka wa tano aliacha shule, akaingia kazi katika mashamba makubwa ya ngombe, yale wanayoyaita ranchi. Msomaji aliyewahi kufika nyanda za Biano, ambako ngombe walifugwa tangu wakati wa Wabelgiji, anaweza kuwaza namna ya nchi ile: majani mengi, upepo, na mnyama anayeweza kukimbia nusu siku bila kukutana na ukuta. Kazi ya kauboi haikuwa ya kupiga bastola. Ilikuwa ya kukusanya ngombe, kuwatia alama, kutibu wagonjwa, kufuata waliopotea porini, na kufundisha farasi wakali mpaka wakubali kupandwa.

Akiwa kijana, Pickett alitazama mbwa wa wachungaji. Mbwa mdogo aliweza kumtuliza ngombe mkubwa kwa kumuuma mdomo wa juu na kutomwachilia. Kijana akajiuliza kwa nini mtu asifanye vile. Akajaribu kwa ndama, akafaulu, akaendelea kwa ngombe wakubwa. Alikimbiza farasi sambamba na ngombe, akaruka kutoka mgongoni mwa farasi, akakamata pembe, akapinda shingo mpaka pua ikatazama juu, akauma mdomo wa juu kwa meno yake. Kisha aliachilia mikono, akajitupa chini, na ngombe akaanguka pamoja naye.

Mwaka 1890 alimuoa Maggie Turner. Wakapata watoto tisa. Pickett na ndugu zake walifungua biashara yao katika mji wa Taylor, kazi yao ikiwa ni kufundisha farasi wa watu. Alikuwa pia shemasi katika kanisa la Wabatisti. Hivyo mtu yule yule aliyeuma ngombe mbele ya watazamaji siku za sherehe, siku ya Mungu aliketi kanisani pamoja na mke na watoto.

Jina lake lilienea kweli mwaka 1904, alipoonyesha ufundi wake katika sherehe kubwa za Cheyenne, jimbo la Wyoming. Miaka michache baadaye aliingia kazi kwa ndugu wa ukoo wa Miller, wenye ranchi kubwa ya 101 katika Oklahoma. Hao walikuwa na ngombe na mashamba, na pia kundi la maonyesho lililozunguka nchi kwa treni. Pickett hakutaka kuwa baba wa kuonekana kwa barua tu. Alihamisha Maggie na watoto kutoka Texas, wakaja kukaa Oklahoma, karibu na kazi yake. Wakati wa maonyesho alisafiri. Maonyesho yalipokwisha, alirudi kuchunga ngombe wa ranchi kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Kazi hiyo ilikaribia kumuua mwezi wa 12 mwaka 1908, katika mji wa Mexico. Wenye kundi walikuwa wameweka dau na watu wa pale kwamba Pickett ataweza kumshika fahali wa kupigana, kwa mikono mitupu, kwa muda wa dakika 5. Fahali alimjeruhi vibaya farasi wake. Pickett akajitupa katikati ya pembe, akashikilia kupita muda ule uliokubaliwa. Lakini watazamaji waliona mchezo wao wa fahali umedharauliwa, wakamtupia chupa na mawe. Alitoka uwanjani akiwa na majeraha, na dau likashindwa na mabwana wake. Mwaka 1914 kundi lilivuka bahari hadi Uingereza, Pickett akaonyesha ufundi wake mbele ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary.

Lakini mtu huyo aliyetazamwa na mfalme hakuruhusiwa kuingia mashindano mengi ya nchi yake, kwa sababu ya rangi ya ngozi. Mara nyingine, ili aingie uwanjani, alitangazwa kuwa Mhindi Mwekundu au mtu wa asili nyingine, bora tu asiitwe mweusi. Watu walilipa kuona alichokifanya, lakini aliyekifanya alifichwa. Na mchezo aliouanzisha uliingia katika mashindano yale yale yaliyomfungia mlango. Hata leo unachezwa, ingawa hakuna tena anayeuma mdomo wa ngombe.

Mlango mmoja ulifunguka kidogo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kampuni ya Norman ya Florida, iliyotengeneza filimu kwa ajili ya watazamaji weusi, ilimpiga picha katika filimu mbili, The Bull-Dogger na The Crimson Skull. Matangazo yake ya karatasi yalionyesha uso wake na jina lake, bila kumgeuza mtu wa kabila lingine.

Maggie alikufa mwaka 1929. Wakati ule ule uchumi wa dunia ulianguka, na ranchi ya 101 ikavunjika kwa madeni. Pickett, aliyepita miaka 60, alikuwa angali akisaidia pale. Mwezi wa 3 mwaka 1932, akishughulika na farasi, alipigwa teke la kichwa. Alilala siku kadhaa bila kupona, akafa tarehe 2 mwezi wa 4. Walimzika katika ardhi ya ranchi, kwenye kilima cha ukumbusho wa White Eagle, chifu wa Waponca. Will Rogers, mchekeshaji maarufu aliyekuwa yeye mwenyewe kauboi, alitangaza habari ya mazishi katika redio.

Heshima ilikuja baadaye. Mwaka 1971 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuandikwa katika nyumba ya mashujaa wa rodeo, huko Oklahoma City. Kisha posta ya Marekani ikaamua kutoa karatasi ya tembri 20 za mashujaa wa Magharibi, naye akawekwa kati yao. Tembri zikachapishwa kwa mamilioni. Mwanzoni mwa mwaka 1994, watu wa jamaa yake walipoziona, walisema wazi kwamba yule si Bill. Ni Ben, ndugu yake. Picha iliyotumiwa ilikuwa imeandikwa jina lisilo lake miaka mingi, na vitabu vilikuwa vimeirudia bila kuuliza.

Posta ilikubali kosa, ikaamuru tembri zirudishwe na kuchapisha nyingine. Kwa kuchora uso wa kweli walitumia tangazo la filimu ya The Bull-Dogger. Karatasi 150,000 zenye kosa ziliuzwa kwa bahati nasibu, na leo wakusanyaji wa tembri wanazitafuta.

Watu wa jamaa wangenyamaza, kosa lingebaki mpaka leo. Wao walijua nani ni Bill na nani ni Ben, kwa sababu majina hayo yaliendelea kutajwa nyumbani kwao. Hapa Likasi pia, katika nyumba nyingi za Panda, Shituru na Kikula, kuna picha za zamani za wazee waliovaa nguo za kazi, na nyuma ya picha hakuna kitu kimeandikwa. Mzee anayewajua kwa majina angali hai katika nyumba kadhaa. Inafaa kumpelekea picha na kalamu wiki hii.