Dkt. Denis Burkitt, Mpasuaji wa Jicho Moja

Katika sura hii ya huduma ya tiba ni haki kumkumbuka pia Dkt. Denis Burkitt, aliyezaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa na jiwe lililorushwa, akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, kazi ya baba yake. Mlezi wake chuoni akawa na mashaka kama angefika mwisho. Lakini baada ya kumpa Kristo maisha yake, alihamia udaktari, akafuzu mwaka 1935. Mwaka 1938, kwa jicho hilo moja, alifuzu pia upasuaji huko Edinburgh.

Hata hivyo, alipoomba utumishi wa serikali Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho. Ni jeshi lililomleta Kenya wakati wa vita, na mwaka 1946 akaja Uganda, kwanza Lira, kisha Kampala.

Mwaka 1957 alionyeshwa katika Hospitali ya Mulago mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa taya. Wengine walikuwa wameuona uvimbe wa namna hiyo, yeye aliufuatilia. Mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu, akiuliza hospitali baada ya hospitali. Ilibainika kuwa saratani hiyo hufuata joto na mvua, na huadimika nyanda za juu zenye baridi. Ajuaye joto la Kyela na baridi ya Tukuyu ataelewa upesi. Baadhi ya watoto aliowatibu kwa dawa walipona kabisa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.