Johann Hedwig na Kuvumwani za Magome

Katika misitu ya Ulaya, magome ya miti hufunikwa na majani madogo ya kijani, mororo kama zulia. Majani hayo huitwa kuvumwani. Zamani watu wengi walidhani ni kitu kimoja tu. Hata wataalamu hawakujua jinsi inavyozaa.

Johann Hedwig alizaliwa tarehe 8 Desemba 1730 katika mji wa Kronstadt, ambao siku hizi huitwa Brașov, nchini Romania. Alisomea uganga mjini Leipzig, Ujerumani, akamaliza mwaka 1759. Alitaka kuwatibu watu wa kwao, lakini hakuruhusiwa, kwa kuwa hakusoma Austria. Basi akakaa Chemnitz, akawa mganga huko kwa miaka karibu 20.

Kisha mke wake akafa, naye akabaki na watoto na kazi nyingi. Walakini hakuacha kujifunza. Asubuhi mapema, kabla ya kwenda kwa wagonjwa, alichuma mimea. Jioni aliitazama kwa hadubini, yaani chombo cha vioo kinachokuza vitu vidogo. Hakujua kuchora, akajifunza, ingawa alikuwa mtu mzima.

Akaona kwamba kuvumwani ina viungo vya kiume na vya kike. Halafu huota kikopo chenye mfuniko. Mfuniko ukianguka, hutoka vumbi, nalo ndilo hueneza mmea kama mbegu. Mdomo wa kikopo una meno. Hedwig akayahesabu: aina moja ina meno 4, nyingine 16, nyingine 32. Kumbe shina moja la mti laweza kubeba aina nyingi! Aina moja ya magomeni aliiita Orthotrichum, maana yake nywele zilizonyooka, kwa sababu kofia ya kikopo chake ina nywele.

Wataalamu wa St. Petersburg, Urusi, walimpa tuzo. Mwaka 1789 akawa mwalimu wa elimu ya mimea katika chuo kikuu cha Leipzig. Alikufa tarehe 18 Februari 1799, kabla ya kuona kitabu chake kikubwa. Mwanafunzi wake Schwägrichen alikitoa mwaka 1801. Hata leo, majina ya kuvumwani karibu zote huanzia katika kitabu hicho.

Watoto, Mungu aliumba mti mkubwa, akaumba na kijani kidogo cha gome lake. Mwenye haraka huona mti tu. Mwenye saburi huona vyote viwili.

Maswali
1. Kwa nini Hedwig hakuwatibu watu wa kwao?
2. Alitengaje aina za kuvumwani?
3. Tazama gome la mti karibu na shule. Umeona nini?