Thomas Midgley, mhandisi aliyenyamazisha injini

Fundi anapobadilisha sensa ya kugonga kwa injini katika gari la zamani mjini Richfield, jirani na Minneapolis nchini Marekani, anakabili tatizo lile lile lililompa umaarufu mhandisi Thomas Midgley karne moja iliyopita, na baadaye likalitia doa jina lake.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 huko Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, na mwaka 1916 akaajiriwa katika maabara ya mvumbuzi Charles Kettering mjini Dayton, Ohio.

Magari ya wakati huo yalikuwa na kasoro kubwa. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulipobanwa sana ndani ya silinda, sehemu yake ililipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Injini iligonga kana kwamba inapigwa nyundo, ikapoteza nguvu, na pistoni zikaharibika.

Baada ya majaribio mengi, tarehe 9 Desemba 1921 Midgley na wenzake walitia kiasi kidogo cha kemikali yenye madini ya risasi katika petroli. Injini ikanyamaza.

Walijua pia kwamba alkoholi itokanayo na mimea huzuia kugonga. Lakini alkoholi ilihitajika kwa wingi, na haikuwezekana kuimiliki kwa hataza. Risasi ilikuwa na faida zaidi kibiashara. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton mwezi Februari 1923 kwa jina la Ethyl, jina lisilotaja risasi kabisa.

Sumu iliyojulikana

Madhara ya risasi kwa mwili wa binadamu yalifahamika tangu zamani. Midgley mwenyewe aliugua mwaka 1923, akalazimika kwenda kupumzika Florida. Mwezi Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walifariki dunia baada ya kupatwa na wazimu. Siku chache baadaye, Midgley alinawa kemikali hiyo mbele ya waandishi wa habari na kuivuta puani, ili kuonyesha kuwa ni salama.

Mauzo yalisimamishwa mwaka 1925, yakarejea mwaka uliofuata, na petroli yenye risasi ikaenea duniani kote. Midgley aliongoza pia utafiti uliozaa gesi za majokofu ambazo baadaye zilibainika kuharibu tabaka la ozoni.

Mwaka 1940 alipooza kwa ugonjwa wa polio. Alijitengenezea mtambo wa kamba wa kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, kamba hizo zikiwa zimemnyonga. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Urithi wake

Moshi wa magari ulieneza risasi mijini, na walioumia zaidi walikuwa watoto, kwani risasi hudhoofisha ubongo unaokua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Mwezi Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi lilitangaza kuwa haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Algeria ilikuwa ya mwisho kuiacha.

Katika jimbo la Minnesota, uliko mji wa Richfield, sheria inataka petroli ichanganywe na ethanoli, alkoholi ile ile iliyowekwa kando zamani za Midgley. Kazi iliyobaki hufanywa na sensa ndogo iliyofungwa kwenye injini. Husikia mtikisiko wa kugonga, na kompyuta ya gari huchelewesha cheche ya plagi.

Sensa hiyo ikiharibika, taa ya injini huwaka, gari huwa zito na hula mafuta zaidi. Fundi makini husugua kutu mahali inapokaa sensa mpya, na kukaza bolti kwa kipimo cha mtengenezaji, kwani ikilegea au ikikazwa kupita kiasi haisikii sawasawa. Ni kazi ya saa chache, na haimwachii mtoto yeyote sumu mwilini.