Emin Pasha: Gavana aliyeacha jina lake kwa ndege

Miongoni mwa Wanubi wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wamo wanaohesabu asili yao kutoka kwa askari wa gavana aliyekuwa pia daktari na mkusanyaji wa ndege: Emin Pasha.

Alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, ulioko Poland ya leo, akaitwa Eduard Schnitzer. Baada ya kusomea utabibu Ujerumani, alihudumu katika dola ya Uthmaniya, na mwaka 1875 akafika Khartoum. Mwaka 1878 aliteuliwa gavana wa Ikweta, jimbo la kusini kabisa la utawala wa Misri.

Kila aliposafiri alichuna ndege, akawapima na kuandika mahali walipopatikana. Umri wa ndege ulikuwa na uzito. Kinda wa aina nyingi hana rangi za ndege aliyekomaa, na anayemtegemea kinda peke yake aweza kudhani amepata aina mpya. Sampuli zilimfikia Gustav Hartlaub wa Bremen. Mwaka 1880 Hartlaub alieleza shomoro ambaye dume lake likikomaa huwa na rangi ya hudhurungi nyekundu, akampa jina la Emin. Mwaka 1882 alieleza mbwigu mmoja, akamwita kwa neno la Kilatini lenye maana ya gavana.

Wafuasi wa Mahdi walipoiteka Khartoum Januari 1885, njia ya kaskazini ilifungika. Emin akahamia Wadelai, kando ya Mto Nile, katika West Nile ya leo, na huko hakuacha kukusanya. Lakini utawala wake uliwalemea wenyeji, kwa kuwa vituo vya askari vililishwa kwa nafaka na mifugo iliyotwaliwa kwao. Agosti 1888 askari wenyewe walimwasi, wakamfunga huko Dufile.

Mwaka 1889 aliondoka na msafara wa Henry Morton Stanley hadi Bagamoyo. Askari wengi walibaki nyuma, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua baadhi yao katika utumishi wa Waingereza. Emin alirudi bara akiitumikia Ujerumani, akauawa mashariki mwa Kongo Oktoba 1892.

Shomoro yule na mbwigu yule wangali wanabeba jina na cheo chake. Askari na wapagazi waliomtumikia hawamo katika majina ya Kilatini. Kumbukumbu yao imo kwa wazao wao, ambao hadi leo wanaishi Arua na Koboko.