Ridhaa na Malipo ya Robert Wangila

Wanafunzi wa hapa Galbet huniuliza kwa nini ndondi zisizo na ujira huitwa za ridhaa. Mimi huwasimulia habari za marehemu Robert Wangila. Mwaka 1988, mjini Seoul, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi za Olimpiki. Kisha akaingia ndondi za kulipwa, ambako mwili wa mtu ndio mtaji wake. Julai 22, 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alilisimamisha pambano lake na David Gonzales katika raundi ya tisa. Wangila, aliyekwisha kuumia, alilalamika, alitaka kuendelea. Ridhaa ya namna gani hiyo? Siku mbili baadaye alifariki, akiwa na umri wa miaka 26.