Phil Katz: Mwasisi wa faili za ZIP aliyewaachia wote siri yake

KILA mara programu ya tarakilishi inapochukua maandishi yaliyo katika kumbukumbu yake na kuyabana yawe faili moja ya ZIP, herufi mbili za kwanza inazoandika ni P na K.

Hizo ni herufi za mwanzo za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeaga dunia mwaka wa 2000 akiwa na umri wa miaka 37 pekee.

Katz alizaliwa Novemba 3, 1962, jijini Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Alisomea sayansi ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee na kuhitimu mwaka wa 1984, kisha akaajiriwa kuunda programu.

Enzi hizo disketi zilibeba data kidogo mno, na kutuma faili kupitia laini ya simu kulichukua muda mrefu. Aliyeweza kufinya faili aliwaokolea watu saa na fedha.

Programu iliyovuma katika kazi hiyo ni ARC ya kampuni ya System Enhancement Associates. Katz aliunda yake, PKARC, iliyokuwa na kasi zaidi, na mwaka wa 1986 akaanzisha kampuni ya PKWARE akisaidiwa na mamake, Hildegard.

Mwaka wa 1988 wenye ARC walimshtaki kwa kukiuka hakimiliki. Mtaalamu aliyelinganisha programu hizo mbili alibaini kwamba ya Katz ilitokana na ile ya wenzake. Hata makosa ya tahajia katika maelezo yalifanana. Kesi ilimalizwa kwa maafikiano, Katz akakubali kulipa na kuachana na PKARC.

Hata hivyo, watumiaji wengi walimwona kama mnyonge aliyeonewa na kampuni kubwa, ilhali washtaki wake walikuwa kampuni ndogo tu. Wengi waliihama ARC.

Mwaka wa 1989 Katz alitoa PKZIP pamoja na muundo mpya wa faili, ZIP. Safari hii alichapisha maelezo kamili ya muundo huo na kumruhusu yeyote kuutumia. Mtu aliyeshtakiwa kwa kunakili kazi ya wengine sasa aliwafungulia wengine mlango wa kazi yake.

Mwaka wa 1993 aliongeza mbinu iitwayo Deflate, iliyounganisha uvumbuzi wa Abraham Lempel na Jacob Ziv wa mwaka wa 1977 na ule wa David Huffman wa mwaka wa 1952.

Mbinu hiyo huanza kwa kutafuta yanayojirudia. Katika methali haraka haraka haina baraka, neno la pili halina haja ya kuandikwa upya. Inatosha kuagiza programu irudi nyuma hatua saba na kunakili herufi sita. Kisha herufi zinazotumika mara nyingi, kama vile a katika Kiswahili, hupewa alama fupi, na zile adimu zikapewa ndefu.

Kwa kuwa maelezo yalikuwa wazi, lugha za kuundia programu kama Java na Python zilikuja na vifaa vya kazi hiyo tayari. Leo programu inaweza kufunga maandishi ndani ya kumbukumbu na kumtumia msomaji kifurushi bila kuyahifadhi kwanza kwenye diski. Orodha ya vilivyomo huandikwa mwishoni.

Programu za simu za Android, nyaraka za Word za tangu mwaka wa 2007 na vitabu vingi vya kielektroniki pia ni faili za ZIP zilizopewa majina mengine.

Mwenyewe hakufaidi sifa hizo kwa muda mrefu. Licha ya utajiri, Katz alizama katika ulevi, akakamatwa mara kadhaa kwa makosa ya barabarani na kujitenga na jamaa na marafiki.

Aprili 14, 2000, alipatikana amefariki katika chumba cha hoteli jijini Milwaukee. Uchunguzi ulionyesha alivuja damu katika kongosho kutokana na unywaji pombe wa muda mrefu.

Kampuni yake iliuzwa mwaka uliofuata. Muundo wa ZIP haukuhitaji kuuzwa, kwani alikwisha kuwapa watu wote.