Siti binti Saad na Wenzake

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusikia taarabu harusini au katika redio. Leo wanawake wengi huimba taarabu. Zamani haikuwa hivyo. Soma sasa habari za mwanamke aliyefungua njia hiyo, na za rafiki zake waliofanya kazi pamoja naye.

Siti binti Saad alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Ukoo wao ulikuwa wa watu waliowahi kutiwa utumwani, na yeye mwenyewe alipewa jina la Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa kazi yake.

Siti hakusoma shule. Kazi aliyofundishwa na mama yake ni ufinyanzi. Alibeba vyungu kichwani, akaenda kuviuza mjini. Alipopita mitaani alivinadi kwa kuimba. Watu walianza kuijua sauti yake kabla ya kuujua uso wake.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini Unguja. Huko alikutana na watu waliojua kupiga muziki. Walipomsikia akiimba, waliona kuwa ana kipaji. Wakamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Miongoni mwa waliokuwa wenzake ni Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruku. Katika kundi hilo, mwanamke alikuwa Siti peke yake.

Fikiri kidogo, msomaji. Siti alikuwa na sauti nzuri, lakini hakuwa na ala. Wenzake walikuwa na udi, fidla na ngoma, lakini hawakuwa na sauti kama yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho, na hakuna aliyemdharau mwenzake. Siti hakuweza kusoma maneno ya wimbo katika karatasi. Aliyasikiliza, akayashika moyoni.

Wakati huo taarabu ilipigwa zaidi kwa wakubwa, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliimba kwa Kiswahili, na watu wa kawaida wakaielewa. Usiku walikutana nyumbani kwa Siti. Majirani walikuja kusikiliza na kuleta habari za mjini. Kutokana na habari hizo zilitungwa nyimbo. Waliimba habari za mapenzi, za umaskini, na za watu waliodhulumiwa.

Wimbo wao mmoja unaitwa Kijiti. Unaeleza habari za mwanamke aliyeuawa. Muuaji alivuka bahari akatoroka, lakini wenzake yule marehemu ndio waliopata adhabu. Watu wengi walikasirika, lakini hawakuwa na mahali pa kusemea. Wimbo ukawasemea.

Siti alipoanza kupata jina, wako waliomwonea wivu. Walimcheka kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba. Hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa wimbo unaofundisha kuwa uzuri wa sura si hoja, na kwamba akili ya mtu ndiyo yenye thamani. Yule muuza vyungu wa Fumba alialikwa hata kuimba mbele ya Sultani.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay, nchini India. Walikwenda kutia nyimbo zao katika sahani za santuri. Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Siku zile upande mmoja wa sahani ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi tu. Mwimbaji na wapigaji wote walifanya kazi kwa wakati mmoja. Mmoja akikosea, wote walilazimika kuanza upya. Bila ya kuelewana na kuvumiliana wasingeweza kumaliza hata wimbo mmoja.

Sahani hizo ziliuzwa kwa maelfu. Watu wa Unguja, Tanganyika na Kenya walizisikiliza. Kabla ya hapo, waliokuwa na santuri walisikia zaidi nyimbo za nchi za mbali. Sasa walisikia Kiswahili, lugha yao wenyewe.

Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Mwaka 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walianzisha gazeti, wakaliita Sauti ya Siti.

Basi, ndugu msomaji, usidhani kuwa huna cha kuwapa wenzako. Siti hakuwa na mali wala elimu ya shule. Alikuwa na sauti, na alikubali kufundishwa. Wenzake nao hawakuona haya kufanya kazi na mwanamke maskini kutoka shamba. Lau kila mmoja wao angebaki peke yake, huenda leo tusingewajua.

Maswali

1. Siti alifanya kazi gani kabla ya kuhamia mjini?
2. Kwa nini watu wengi walizipenda nyimbo za Siti na wenzake?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani inayohitaji watu wenye ujuzi mbalimbali? Zungumzeni darasani.